Sauti Inapoachana na Midomo

Arusi ilifanyika Jumamosi. Picha zilipigwa chini ya miti ya Nairobi Arboretum, kisha msafara ukaelekea ukumbini Lavington kwa chakula na hotuba. Katikati ya wiki, mhariri wa video ameketi katika chumba kidogo orofani, hatua chache kutoka River Road, akipanga sauti ya rekoda chini ya picha ya kamera. Anaivuta sauti mpaka kofi la kwanza lisikike papo hapo mikono inapokutana. Nasaha za mjomba zinakwenda vyema. Midomo ikifunga, neno nalo linafunga. Mhariri anaridhika, anaitoa faili na kuituma. Usiku simu inalia. Mteja ametazama mpaka mwisho, na pale mama mzazi anapowaombea watoto wake, kinywa chake kimefumbwa ilhali sauti yake bado inaomba.

Kisa cha namna hii wanakijua vizuri wahariri wa video wa Nairobi, kuanzia vyumba vya Luthuli Avenue hadi studio za nyumbani za Kawangware, Kangemi na Kilimani. Wengi hukimbilia tiba moja: kuisogeza sauti mpaka sala ya mama ikae sawa. Wakirudi mwanzoni wanakuta nasaha za mjomba sasa ndizo zilizoharibika. Sauti iliyochelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho ni ugonjwa mmoja, nayo hupona kwa kusogezwa mara moja. Sauti inayoteleza, inayoanza sawa kisha ikaachana na picha kidogo kidogo, ni ugonjwa wa pili, na kuisogeza ni kuhamisha tu mahali pa maumivu. Upo na wa tatu: sauti inayokwenda sawa kwa dakika ishirini, ikaruka ghafla, kisha ikatulia kwenye kosa jipya. Anayeanza kutibu kabla ya kujua anashughulika na upi kati ya hiyo mitatu atakesha bure.

Mazungumzo ya leo yanauhusu zaidi ule wa pili, kwa sababu ndio unaowatesa watu wengi na ndio usioelezwa vya kutosha.

Chanzo chake mara nyingi ni saa. Ndani ya kila kamera, kila rekoda na kila simu mna fuwele ndogo ya kwatzi inayotetema mamilioni ya mara kwa sekunde. Kifaa huhesabu mitetemo hiyo ili kijue ni lini kipime sauti na ni lini kinase fremu, yaani picha moja moja ya video, inayofuata. Fuwele mbili hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 20 hadi 50 katika kila milioni ni ya kawaida kwa vifaa vya bei nafuu, na joto nalo huibadilisha. Sehemu 50 katika milioni zinasikika kama si kitu. Zizidishe kwa sekunde 3,600 za saa moja, msikilizaji, utapata sekunde 0.18. Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, ambao kila fremu hudumu milisekunde 40, hiyo ni fremu nne na nusu. Arusi ya saa tatu itafikisha zaidi ya nusu sekunde, na hapo hakuna aliyebonyeza kitufe kisicho chake. Mpiga picha alifanya kazi yake barabara, mtu wa sauti pia. Saa zao ndizo zilizotofautiana.

Vituo vya runinga vilimaliza tatizo hili zamani kwa kuifunga kila kamera na kila mashine ya sauti kwenye mapigo ya saa moja kuu. Kutoka jumba la shirika la utangazaji la KBC kwenye Harry Thuku Road hadi River Road ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini mpiga picha wa arusi hana saa kuu. Ana kamera yake mwenyewe, kamera ya pili ya kukodi, rekoda aliyoazimwa na rafiki, na simu ya binamu wa bwana arusi aliyesimama mahali pazuri kuliko wote. Vifaa vinne, saa nne.

Simu ya binamu ndiyo yenye matata zaidi. Kamera ya kazi hunasa fremu kwa kasi isiyobadilika: 25, basi 25. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Mwanga ukipungua, tuseme ukumbi ukizimiwa taa ili keki ikatwe, simu hupunguza idadi ya fremu ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha. Ikipata joto au kazi ikiizidi, hupunguza tena. Kila fremu huandikiwa muda wake ndani ya faili, kwa hiyo ukiitazama video kwenye simu yenyewe kila kitu kiko sawa. Tatizo huanza pale baadhi ya programu za kuhariri zinapoisoma faili hiyo na kuhesabu kwamba fremu zote zina urefu mmoja. Picha hupanguliwa na kupangwa upya kwa hesabu isiyokuwa yake, huku sauti, iliyorekodiwa kwa kasi yake thabiti, ikiendelea na safari. Matokeo yake ni kuteleza kusikofuata mstari: dakika hii kumezidi, dakika ile kumepungua. Kunyoosha sauti hakutasaidia hapa hata kidogo. Dawa ni kuibadilisha faili ya simu iwe na kasi thabiti ya fremu kabla haijaingia kwenye kazi. HandBrake, programu ya bure, hulifanya hilo kwa kuchagua kasi thabiti badala ya ile inayobadilika. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hulifanya vilevile kwa wanaoipenda njia ya kuandika amri.

Kisha kuna ugomvi wa 25 na 30. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, mtambo wake wa kwanza ukiwa katika nyumba ya shambani Limuru, nchi ilikuwa na umeme wa hezi 50 na ikafuata picha 25 kwa sekunde kama Uingereza. Marekani, yenye umeme wa hezi 60, ilikuwa na picha 30, na ilipoingiza rangi mwaka 1953 ikaipunguza kasi hiyo kwa sehemu moja katika 1,001, ikawa takriban 29.97. Upungufu huo ulikuwa wa kuzuia mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti. Miaka zaidi ya 70 baadaye, kamera inayouzwa Luthuli Avenue bado inaweza kuandika 30 kwenye skrini huku ikinasa 29.97. Mhariri akiichukua kwa neno lake, tofauti ni sehemu moja katika elfu, yaani sekunde 3.6 kwa kila saa. Mahubiri ya dakika 40 yatamalizika sauti ikiwa imeachana na picha kwa sekunde 2.4. Habari njema ni kwamba kosa kubwa namna hiyo hujitambulisha lenyewe. Atakayepima na kukuta sekunde 3.6 kwa saa ajue mara moja mahali pa kutazama.

Alama nyingine inayojitambulisha ni ile ya 44,100 na 48,000, na hapa panastahili kukaa kidogo, kwa sababu nambari hizo mbili zimewasumbua watu wa River Road kwa muda mrefu.

Sauti ya dijitali ni vipimo vilivyochukuliwa mara nyingi kwa sekunde, na vipimo hivyo huitwa sampuli. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde. Nambari hiyo ya ajabu ilitoka kwenye video. Kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982, wahandisi walikuwa wakihifadhi sauti ya dijitali kwenye kanda za video, wakiweka sampuli tatu katika kila mstari wa picha. Nchi za hezi 50 zilitumia mistari 294 katika kila nusu-picha, mara 50 kwa sekunde. Nchi za hezi 60 zilitumia mistari 245, mara 60. Piga hesabu zote mbili: jibu ni 44,100. Watu wa video, wao, walikuja kukaa kwenye 48,000, na mpaka leo karibu kila kamera hurekodi hivyo. Rekoda ndogo ya mkononi, iliyotengenezwa ikiwafikiria wanamuziki, mara nyingi huwa imeachwa kwenye 44,100.

Programu za sasa hujua kubadilisha moja kuwa nyingine bila kuombwa. Lakini faili ikiharibika lebo yake inayotaja idadi ya sampuli, au programu ya kurekodia ikidhani inapokea 44,100 kumbe inaletewa 48,000, saa moja ya maneno hugeuka dakika 65 na sekunde 18. Ikiwa kinyume, saa moja hubanwa ikawa dakika 55 na sekunde 7. Tena sauti yenyewe hubadilika: mjomba huwa na sauti nzito kuliko yake, au nyembamba. Mhariri anayesikia mabadiliko hayo hana haja ya kupima chochote. Airekebishe lebo, wala asiinyooshe sauti, maana kunyoosha huficha kosa na kupunguza ubora.

Sasa fikiria namna kazi ya Riverwood ilivyokuwa. Jina hilo lilitokana na River Road, mahali ambapo wasanii wa vichekesho vya Kikuyu kama Kihenjo na Machang'i walifanya soko la filamu bila kusubiri mfadhili wala jumba la sinema. Filamu zilipigwa kwa siku chache, zikahaririwa, zikachapwa kwenye kanda za VHS na baadaye kwenye VCD, na wachuuzi wakaziuza mitaani. Kamera nyingi za bei ya kufikika enzi hizo duniani kote zilikuwa za MiniDV, mfumo uliotoka mwaka 1995, ambao uliruhusu sauti ya sampuli 48,000 au 32,000. VCD ilidai 44,100. DVD, ilipofika, ikadai 48,000. Tena kanuni za DV ziliziruhusu kamera za watu wa kawaida ziwe na sauti isiyofungwa kwenye picha: idadi ya sampuli kwa kila fremu ingeweza kupanda na kushuka kidogo. Ukinasa kanda nzima ya saa moja kwa mpigo mmoja, tofauti hiyo ilijikusanya. Yaani kuteleza kwa sauti kulikuwa kumejengwa ndani ya njia yenyewe ya kazi, kuanzia kanda hadi diski. Aliyewalaumu vijana wa River Road kwa uzembe hakuwa ametazama vipimo vya mashine walizopewa na ulimwengu. Kwamba waliweza kufikisha kichekesho sebuleni na watu wakacheka mahali pake ni ufundi unaostahili heshima kuliko ile waliyopata.

Kwa nini jicho na sikio havisamehe? Ukweli ni kwamba husamehe, ila kwa upande mmoja. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, karibu milisekunde tatu kwa kila mita. Aliyeketi mita 30 kutoka kwenye madhabahu husikia neno la mhubiri milisekunde 90 hivi baada ya kuuona mdomo ukitamka, ikiwa hakuna spika karibu naye. Ubongo umeyazoea hayo tangu utotoni: umeme wa radi huonekana kwanza, ngurumo hufuata. Lakini hakuna mahali popote duniani ambapo sauti hutangulia tukio lake. Ndiyo maana pendekezo la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, lililotolewa mwaka 1998, linasema watazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45, ilhali iliyochelewa huigundua ikifika 125. Mipaka ya kuvumilika ni 90 kwa iliyotangulia na 185 kwa iliyochelewa. Muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, uko mkali zaidi: 40 mbele, 60 nyuma.

Ziweke nambari hizo kando ya zile sekunde 0.18 za fuwele. Mwisho wa saa moja, sauti iliyochelewa iko ukingoni mwa kuvumilika, na iliyotangulia imefika mara mbili ya mpaka wake. Kwa hiyo mhariri aliyebanwa na muda, asiye na nafasi ya kupima, afadhali aiache sauti ichelewe fremu moja kuliko itangulie fremu moja.

Hasara yenyewe haiishii kwenye usumbufu. Mwaka 1993, Byron Reeves na David Voelker wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watu video ambazo sauti zake zilikuwa zimesogezwa kidogo. Waliotazama waliziona hazivutii na hazipendezi kama zile zilizo sawa, hata pale ambapo hawakuweza kusema kasoro iko wapi. Lawama iliangukia kilichokuwa kwenye skrini. Kwa bwana arusi hilo ni jambo dogo. Kwa mjane wa Dagoretti anayesimulia alivyopokonywa shamba, au kwa mwalimu mstaafu anayetoa ushahidi wa maisha yake katika filamu ya kumbukumbu, ni jambo zito. Mtu mkweli anaweza kuonekana si wa kuaminika kwa sababu ya fremu sita.

Ulimwengu wa sinema ulipambana na kuachana huku tangu sauti ilipoingia kwenye filamu. The Jazz Singer, filamu ya Warner Bros. ya mwaka 1927, haikuwa na sauti ndani ya utepe wa picha. Sauti ilikuwa kwenye santuri kubwa zenye upana wa inchi 16, zikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kila moja ikitosha kwa dakika 11 hivi za picha. Utepe ukikatika na mwendesha mtambo wa sinema akauunganisha kwa kutupa fremu chache zilizochanika, kila neno lililofuata lilitoka nje ya mahali pake mpaka santuri iishe. Waendesha mitambo walifundishwa kuweka fremu nyeusi badala ya zilizopotea, moja kwa kila iliyopotea, ili hesabu isiharibike. Huo ndio ugonjwa wa tatu tuliotaja, wa kuruka ghafla, na dawa yake haijabadilika: tafuta mahali palipopotea kipande, ujaze urefu uleule. Leo kipande hupotea simu ikipigiwa katikati ya kurekodi, kadi ya kumbukumbu ikishindwa kuandika kwa kasi, au kamera ikigawa faili yake kila inapofika gigabaiti nne na kuacha mwanya pale inapogawia.

Nje ya studio, mkombozi alikuwa Stefan Kudelski, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyeishi Uswisi, aliyetoa rekoda yake ya kwanza ya Nagra mwaka 1951. Katika matoleo yaliyofuata, kamera ilituma mlio wa hezi 50 ambao ulirekodiwa kwenye kanda ileile ya sauti. Kamera ikienda haraka kidogo, mlio nao ulipanda, ikizubaa, ulishuka. Baadaye, kanda ilipochezwa, mashine iliufuata mlio huo na kuirudisha sauti kwenye mwendo halisi wa kamera. Uzuri wa wazo hili ni kwamba halikudai saa mbili zilingane. Lilikubali kwamba hazilingani, likaandika tofauti yao papo hapo ili irekebishwe baadaye.

Mhariri wa leo anaweza kupata karibu faida ileile bila kununua chochote. Apige kofi mbele ya kamera mwanzoni, na apige jingine mwishoni kabla ya mtu yeyote kuzima kifaa chake. Wengi hupiga la kwanza tu. Kofi la kwanza linasema sauti na picha zilianza wapi. La pili linasema zilitembea kwa kasi gani, na hilo ndilo linalohitajika. Ikiwa hakuna kofi la mwisho, tafuta tukio lenye mlio mkali linaloonekana wazi: kizibo cha soda, kikombe kilichowekwa mezani, herufi b au p kwenye midomo ya msemaji. Herufi hizo hufunga midomo kabisa, na huonekana vizuri kuliko zote.

Tuseme kwenye picha, kutoka kofi la kwanza hadi la pili, ni dakika 70 kamili, sekunde 4,200. Kwenye sauti ya rekoda, makofi hayohayo yameachana kwa sekunde 4,200.2. Sauti imezidi kwa fremu tano. Kabla ya kugusa chochote, mhariri atazame katikati, dakika ya 35. Akikuta fremu mbili na nusu hivi, kuteleza kunafuata mstari na chanzo ni saa. Akikuta sifuri au tano, kuna mruko mahali fulani, na autafute. Kipimo hiki cha katikati huchukua dakika mbili, na huokoa usiku mzima.

Saa zikiwa ndizo zenye makosa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kasi ya sauti hadi asilimia 100.0048. Hapa pana mtego: baadhi ya programu za kuhariri video hukubali desimali mbili tu. Ukiandika 100.00 hujafanya kitu, ukiandika 100.01 umeifupisha sauti kupita kiasi, na sasa inatangulia kwa zaidi ya fremu tano, upande ule ambao sikio halisamehe. Kazi hii ifanywe katika programu ya sauti. Audacity, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1999 na ambayo hailipiwi, inaweza kuipokea hesabu ya namna hiyo. Kuna wanaoogopa kwamba kubadili kasi kutaharibu sauti ya msemaji. Kwa kiasi kidogo hivi, hakuna sikio la binadamu litakaloijua tofauti.

Njia ya pili ni ya kisu. Fremu tano katika dakika 70 ni fremu moja kila dakika 14. Mhariri hutafuta pumzi ya msemaji, au kimya kati ya hotuba mbili, kila baada ya dakika 14 hivi, akaitoa fremu moja ya kimya na kuisogeza sauti yote inayofuata. Wasemaji wa Kiswahili hupumua vizuri baada ya salamu na baada ya kutaja majina ya wageni, kwa hiyo nafasi hazikosekani. Mchanganyiko wa nyimbo usikatwe hivyo, maana pigo lililokatwa husikika. Kwa hotuba, mahojiano na mahubiri, kisu hutosha, na kwa kompyuta dhaifu ndiyo njia nyepesi zaidi.

Mwenye masikio ya Nairobi atauliza: mbona DJ Afro hajali midomo? Miaka nenda miaka rudi amekuwa akizisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, sauti yake ikiwa juu ya sauti za waigizaji, na vibanda vya video vya mitaani vikajaa. Uganda ina VJ Jingo. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Hawa wasimulizi hawafuati midomo, ni kweli, lakini wanafuata tukio. Ngumi ikitua, neno lazima litue. Jina la utani alilompa adui lazima litamkwe adui akiwa bado kwenye skrini. Simulizi ikiteleza sekunde mbili, aliyekwisha kufa bado anatishiwa, na kibanda kizima kitaguna. Mtazamaji wa Kangemi ambaye hajawahi kusikia neno fremu anaujua mwendo sahihi wa sauti na picha, tena anaudai.

Wakati ambao Wakenya wengi walijikuta mafundi bila kutaka ulikuwa Machi 2020. Nyumba za ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona, makanisa yalihamia kwenye matangazo mubashara, mengine yakiwa na kamera moja, waya mmoja kutoka kwenye mikisa ya sauti, na kijana mmoja wa kwaya kwenye kompyuta. Kasoro yao ya kawaida ilikuwa ule ugonjwa wa kwanza. Picha hupitia hatua nyingi kabla ya kuingia kwenye kompyuta, sauti hupitia chache, basi sauti hufika mapema. OBS, programu ya bure inayotumiwa na wengi, ina kisanduku cha kuichelewesha sauti kwa milisekunde. Piga kofi, jirekodi, hesabu fremu, zidisha kwa 40 ikiwa unatumia fremu 25, andika jibu. Ibada ikianza sawa na kuharibika kufikia sadaka, kisanduku hicho hakitaponya kitu. Hakikisha mikisa, kompyuta na programu zote zimewekwa 48,000, na kama mikisa ina waya wa USB, iache iwe ndiyo saa pekee ya sauti. Spika za Bluetooth zisitumike kupimia, kwa kuwa zenyewe huchelewesha sauti, nyingine kwa milisekunde 200 na zaidi. Mhariri anayehariri huku akisikiliza kwa Bluetooth anaweza kuiharibu kazi iliyokuwa nzima.

Kuna suala la malipo ambalo haliepukiki. Bei za video za arusi na matanga hupatanwa kwa kuhesabu kamera na saa za kupiga picha. Kazi ya sauti humezwa humo ndani kana kwamba hufanyika yenyewe. Mafundi wa Riverside na wa Kawangware, wote, wangefanya vyema kuiandika kwenye ankara kama kazi yake, wakamwonyesha mteja hotuba moja kabla na baada ya kurekebishwa. Mteja aliyemwona mama yake akisema maneno yake kwa midomo yake halisi haulizi tena kwa nini siku moja ya kazi imeongezwa. Na mteja naye ana wajibu: atazame kazi yote mpaka dakika za mwisho kabla ya kumaliza malipo, kwa sababu mwanzo wa video inayoteleza huwa hauna kosa.

Faili za awali zisifutwe haraka. Kazi iliyobanwa na kupunguzwa ili ipite kwenye simu bado inaweza kunyooshwa, lakini kuijua sababu ya kuteleza kwake ni vigumu: lebo ya rekoda imepotea, muda wa kila fremu ya simu umeandikwa upya, mwanya wa gigabaiti nne umefunikwa. Diski moja ya terabaiti moja huhifadhi arusi nyingi. Iwekewe jina la familia na tarehe, na ndani yake, kando ya picha na sauti, kuwe na karatasi ndogo ya maandishi inayosema kila kifaa kilirekodi fremu ngapi, sampuli ngapi, na makofi mawili yako dakika ya ngapi.